Hatumpiti Bosi

Kofi lenyewe halikuwa kubwa. Wapo waliokuwa karibu na geti la kiwanda cha magodoro mchana ule ambao hawakulisikia, waliona tu kofia ya mlinzi ikidondoka. Bosi alikuwa amepiga honi mara mbili, mlinzi alikuwa chooni, na alipotoka mbio huku anafunga mkanda, akamkuta bosi keshashuka garini. Bosi akampiga, akarudi kwenye kiti chake, akafunga mlango wa gari na kungoja afunguliwe geti. Na geti lilikuwa palepale, angenyoosha mkono angelifikia. Alishuka kupiga, hakushuka kufungua.

Mlinzi aliokota kofia, akaipangusa, akaivaa. Akafungua geti na kupiga saluti.

Dereva wa lori la kiwanda alikuwa pale, akainama ghafla kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Wasichana wa ofisini nao wakakumbuka kwamba wana simu za kutazama. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mke wa mlinzi na furushi kichwani. Yeye alikuwa dobi, akifulia watu nguo na kuwapelekea majumbani na maofisini, na siku hiyo alibeba makoti meupe ya daktari wa meno. Furushi lilimponyoka, makoti yote yakamwagika kwenye vumbi. Alirudi nayo nyumbani akayafua upya, na majirani waliomwona akifua wakasema leo huyu ana ugomvi na sabuni.

Jioni mlinzi aliporudi, shavu lilikuwa limevimba kidogo. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi ingawa hakuwa na mjukuu hata wa dawa, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Nani? Unatoka wapi? Umekuja kwa nani?" Bibi alimuuliza.

Huo ulikuwa utani wao wa kila siku. Bosi alikuwa ameamuru kwamba kila anayefika getini aulizwe maswali hayo matatu, awe mteja, fundi au padri, na mlinzi aliyazoea mpaka usiku mmoja aliwahi kumuuliza mama yake mzazi aliyetoka bafuni. Kila jioni alitakiwa ajibu: mwanao, kazini, kwako. Jioni hiyo hakujibu. Alipita akaketi kitandani.

"Una nini shavuni?" Bibi akamfuata.

"Jino."

"Jino gani la kuvimba siku moja? Fungua mdomo."

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima haumwi jino?" Bibi akamgeukia mkwewe. "Na wewe unamfulia daktari wa meno miaka yote hii, huwezi kumwombea mumeo aangaliwe? Chemsha maji ya chumvi asukutue."

Mke alichemsha maji ya chumvi. Mlinzi akasukutua jino lisiloumwa mbele ya mama yake, akatema kwenye beseni, akasukutua tena kwa sababu Bibi alisema haitoshi. Mke alishika beseni. Hawakutazamana.

Taa ilipozimwa, mke alinong'ona, "Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona."

"Basi usione," mlinzi akasema, akageukia ukutani.

Mwanaume yule alikuwa amemeza. Alimeza kwa sababu kodi ya vyumba vile viwili ilitoka kwenye geti lile, na dawa ya presha ya Bibi pia. Mkewe alijua yote hayo. Alijaribu kumeza naye, akashindwa. Kila alipokamua nguo aliona shingo ya bosi.

* * *

Daktari wa meno aliteguka kifundo cha mguu akishuka ngazi za kliniki yake mwenyewe. Dobi alipompelekea makoti alimkuta ameweka mguu juu ya kiti, na pembeni yake bahasha yenye namba ya kukimbilia marathoni.

"Mwaka mzima nasema mwaka huu nitakimbia," daktari alilalamika. "Nimeshajiandikisha, nimenunua mpaka viatu. Sasa tazama."

"Ndiyo zile mbio anazokimbia bosi wa magodoro?"

"Yule? Kila mwaka, na wafanyakazi wake wamevaa njano, wako nyuma yake kama vifaranga."

Dobi alizijua habari hizo. Mumewe alikuwa akisimulia zamani, enzi zile bado ikiwa ni kichekesho. Kiwandani kulikuwa na vijana wenye miguu hasa, wapakiaji na madereva, lakini ilikuwa desturi kwamba mwenye fulana ya njano hampiti bosi. Bosi akipunguza, wanapunguza. Bosi akisimama kunywa maji, na wao wanapata kiu. Mwisho wa mbio kulikuwa na hema la wafanyakazi na familia zao, limezungushiwa kamba, na hakuna aliyeingia ndani kabla ya bosi. Mlinzi wa kufungua kamba alikuwa yuleyule wa kufungua geti.

"Daktari," dobi alisema, "hiyo namba nipe mimi."

Daktari alicheka kwanza. Kisha akamtazama yule mwanamke usoni na kicheko kikakatika.

"Ni mwendo mrefu, dada. Umewahi kukimbia?"

"Nabeba nguo za watu kutoka mtaa hadi mtaa tangu nikiwa msichana. Kukimbia ni kutembea bila furushi."

Haikuwa hivyo, na aliligundua hilo asubuhi ya kwanza. Viatu vya daktari vilikuwa vikubwa, akavijaza vitambaa mbele. Hakujua aanze kwa kasi gani, wala apumue vipi, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alichojua ni kitu kimoja: kila alfajiri bosi alikuja kiwandani mapema, akaacha gari, akakimbia hadi mzunguko wa darajani na kurudi, kisha akaoga ofisini. Zamu ya mlinzi wa usiku ilikuwa haijaisha wakati huo, kwa hiyo mumewe hakuwepo kumwona. Dobi akajibanza kwenye kona ya duka la vioo. Bosi alipopita, akaunga nyuma yake.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kukimbia. Mgongo wa bosi ndio ulikuwa mwalimu wake. Mgongo ukiongeza mwendo, anaongeza. Ukipanda kilima polepole, naye polepole. Aliujua mgongo ule kuliko mkewe bosi alivyoujua: jasho linaanzia wapi, bega lipi linashuka akichoka, jinsi anavyotupa mguu wa kulia nje kidogo. Aliuchukia kila siku, na chuki ile ilimpa pumzi. Siku za mapumziko alirefusha mwenyewe, akikimbia kupeleka nguo mitaa ya mbali, lakini hata huko aliuona ule mgongo mbele yake.

Nyumbani Bibi hakuelewa. "Mwanamke mzima unakimbia barabarani kama umefukuzwa na nyuki," alisema. "Jana mama wa jirani kaniuliza kama tunadaiwa."

"Daktari kasema ni kwa ajili ya mgongo, mama."

"Mgongo wa nani?"

Dobi alicheka peke yake. Kucha mbili za miguu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeusi.

* * *

Asubuhi moja, bosi alisimama ghafla kule darajani, akageuka. Dobi hakupata nafasi ya kujificha, akabaki barabarani mbele yake, akihema. Alidhani amegundulika. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi sana.

Bosi alivua koti lake la mazoezi lililolowa, akamrushia.

"We mama, nishikie hili. Joto limeanza. Liache pale getini kwangu."

Siku hiyo alirefusha, akavuka daraja na kuendelea mbele. Dobi alisimama na lile koti mikononi. Lilinuka jasho na manukato. Angeweza kulitupa mtoni, na mimi ningemshangilia. Lakini mikono ya dobi imezoea kupokea nguo za watu, ikalikunja kabla mwenyewe hajaamua. Alipogundua amelikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama anavyomkunjia mteja, machozi yalimtoka kwa hasira.

Alilipeleka. Kufika getini, zamu ilikuwa imebadilika, na aliyefungua dirisha la kibanda alikuwa mumewe.

"Nani?" mlinzi alianza kwa mazoea, kisha akamwona. Akaliona koti. "Hilo umelipata wapi?"

"Kanipa nimshikie."

"Nani kakupa? Mlikutana wapi? Mbona umelowa?" Aliangalia viatu vya daktari, akaangalia barabara ya darajani, akaelewa. "Wewe ndiye? Wanasema kuna mwanamke anakimbia nyuma ya bosi kila alfajiri. Watu wanacheka hapa, hawajui wanamcheka nani. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nenda nyumbani," mlinzi alisema kwa sauti ndogo. "Nenda kabla hajarudi akakuona na mimi."

Jioni hiyo yalilipuka. Mlinzi hakuvua hata buti.

"Unataka nini? Niambie unataka nini!"

"Nitakimbia marathoni. Nitampita mbele ya wote waliokuwa getini siku ile."

"Ukishampita? Utapata nini? Mimi ndiye nitakayefukuzwa! Nikifukuzwa tutakula hizo mbio?"

"Jamani, kumpita nani?" Bibi aliuliza kutoka chumba cha pili. "Getini siku gani?"

"Mama, hayakuhusu."

"Yanamhusu," dobi alisema. "Mwambie. Au nimwambie kuhusu jino?"

"Kofi nilipigwa mimi!" mlinzi alifoka. "Halikukupata wewe! Mimi ndiye niliyepigwa, na mimi ndiye niliyenyamaza, sasa wewe unalipiza cha nani?"

Bibi alitoka na kanga yake mabegani, akasimama mbele ya mwanawe. Akamshika kidevu, akamgeuza shavu kwenye mwanga, kana kwamba uvimbe ungali pale.

"Nilikusukutulisha chumvi," alisema. "Mtu kakupiga kofi, mimi nakupa maji ya chumvi."

"Mama..."

"Nyamaza. Nilikubeba mgongoni ukiwa na degedege, nikakimbia nawe usiku mpaka zahanati, miguu mitupu. Sikukuzaa uje upigwe getini kama mbwa." Akamgeukia mkwewe, na sauti yake ikawa ya mtu anayeagiza kitu sokoni. "Mbio ni lini?"

"Jumapili ya wiki ijayo, mama."

"Mpite. Na ukimpita usimsalimie."

Mlinzi aliketi kwenye kigoda cha mama yake, akaanza kufungua kamba za buti. Siku ya mbio, kabla ya kwenda kushika zamu yake ya kamba, aliondoa vile vitambaa vilivyochakaa kwenye viatu vya mkewe, akaweka vipya, akavipanga ndani ya ncha kwa kidole, taratibu, visimchubue.

* * *

Marathoni si mbio, ni kazi ya siku. Wale wenye mashindano yao waliondoka mwanzo wakapotea, na nyuma wakabaki watu wa kawaida, makarani, wauguzi, wanafunzi, kila mmoja na sababu zake. Dobi alimtafuta bosi katikati ya lile kundi, akamwona, na nyuma yake zile fulana za njano. Akajiunga nyuma ya njano.

Jua lilipanda. Chumvi ilimkauka usoni. Kucha zile nyeusi zilianza kuchoma, kisha vidole vyote, kisha nyonga, mpaka maumivu yakakosa mahali maalumu. Alivumilia, maana mgongo ulikuwa mbele. Walipoingia barabara ndefu ya kuelekea uwanjani, bega la kushoto la bosi likashuka, na dobi akajua: kachoka. Akajiambia, sasa.

Miguu haikwenda.

Hakuwa amechoka kiasi hicho. Alikuwa na nguvu, alizihisi. Lakini kila alipotaka kuongeza, miguu ilingoja mgongo uongeze. Bosi alipunguza, naye akapunguza. Bosi akaanza kutembea, na yule mwanamke aliyekuja kulipiza kisasi akajikuta anatembea. Miezi yote ile alikuwa amejifunza jambo moja tu, kuwa nyuma ya bosi. Alikuwa amejivalisha fulana ya njano bila kupewa. Hakuna kilichowahi kumuudhi kama hicho, hata kofi lenyewe.

Alipasua katikati ya wale wa njano, kwa kutembea, mpaka akawa ubavuni mwa bosi.

"Bosi."

Bosi alimtupia jicho. "Maji yako mbele, mama."

"Sitaki maji. Mimi ni mke wa mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Uliyempiga kofi getini."

Bosi alikunja uso. Hakuwa anajifanya, alikuwa anatafuta kwelikweli, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Lini?" akauliza.

Dobi alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga alfajiri zote zile, matusi na maswali na laana, na yote yangekuwa na maana kama mtu yule angekumbuka. Kitu kilichowanyima usingizi, kilichomfanya mume asukutue chumvi na mke alie, kwake hakikuwepo hata kama siku mbaya. Basi miguu ikaachia. Haikungoja tena mtu.

"Mama, usipite," dereva wa lori alimwambia kwa haraka kutoka nyuma, karibu kumsihi. "Hapa hatumpiti bosi."

"Ninyi hammpiti. Mimi namfulia mwingine."

Akapita. Dereva wa lori aliutazama mgongo wa mwanamke yule ukienda. Alikuwa amelisikia lile "lini". Siku ile getini aliinama kwenye tairi zima, na tangu hapo hakuweza kumsalimia mlinzi akimtazama machoni. Alitembea hatua chache zaidi nyuma ya bosi, akatema mate pembeni, akakimbia. Mpakiaji mmoja akamfuata. Kisha msichana wa ofisini. Kisha wote.

"Nani kawaambia muende?" bosi aliita. "Nyie! Nani kawaambia?"

Hakugeuka hata mmoja.

* * *

Mlinzi alikuwa amesimama kwenye kamba ya hema tangu asubuhi, macho kwenye lango la uwanja. Alitarajia kumwona mkewe akiletwa kwenye machela. Alipomwona anakuja mwenyewe, anachechemea, uso mweupe kwa chumvi, aliishika kamba kwa mikono miwili.

Dobi alivuka mstari, akaja moja kwa moja hadi kwenye kamba.

"Hili ni hema la wafanyakazi na familia zao?"

"Ndiyo."

"Mimi ni familia ya nani?"

"Yangu," mlinzi alisema, akafungua kamba. Akamwekea kiti, kile cha mbele, chenye kitambaa, kilichotengwa kwa ajili ya bosi. Wapishi wa hemani walishika vichwa. Alimmiminia maji mwenyewe.

Wakaja wale wa njano. Dereva wa lori alisimama mbele ya mlinzi, akamwangalia usoni.

"Ndugu yangu," alisema. "Siku ile."

"Pita ukae," mlinzi akamjibu.

Walipoingia wote, alifunga kamba. Akakaza fundo, akakaza na la pili. Ndipo bosi alipofika, peke yake, anaburuta mguu wa kulia. Mpiga picha wa kiwanda aliinua kamera, akafikiri, akaishusha.

"Fungua," bosi alisema.

Mlinzi alikuwa amesimama wima. "Nani?"

"Nini?"

"Wewe nani? Unatoka wapi? Umekuja kwa nani?"

Mkono wa bosi ulinyanyuka. Watu wote hemani waliuona, na bosi aliwaona wakiuona. Safari hii hakuna aliyekagua tairi. Mkono ulibaki juu kidogo, kisha ukafuta jasho kwenye paji la uso, ukashuka.

"Unanijua mimi ni nani," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni amri yako, bosi. Kila anayefika. Unatoka wapi?"

"Katoka nyuma!" mpakiaji mmoja alipiga kelele kutoka ndani, na hema zima likapasuka kwa kicheko. Bosi alisimama pale juani, amelowa, akiwa hana pa kutazama. Aliyajibu maswali. Alisema yeye ni mkurugenzi wa kiwanda, anatoka mbioni, amekuja kwa wafanyakazi wake. Aliyajibu yote matatu.

Mlinzi alianza kufungua fundo la kwanza. Hakuwa na haraka. Alipolimaliza la pili, aliiacha kamba ianguke chini, akavua kofia, akaitundika kwenye nguzo. Saluti hakupiga.

* * *

Jioni Bibi alichemsha maji ya chumvi. Safari hii yalikuwa ya miguu ya mkwewe, na aliinama mwenyewe kuiosha ingawa kiuno hakimruhusu. Ukucha mmoja ulibaki kwenye beseni. Mlinzi alikuwa ameshapigiwa simu asirudi kazini, na wote watatu walijua kodi ya mwezi ujao haina mwenyewe. Walikuwa na hofu, ningekuwa mwongo nikisema hawakuwa nayo. Lakini haikuweza kukaa peke yake chumbani mle.

"Rudia," Bibi alisema. "Anzia pale mkono uliponyanyuka."

Mlinzi alirudia. Bibi alifumba macho akisikiliza, akitikisa kichwa.

"Na maswali akajibu?"

"Yote."

"Safi." Akakamua kitambaa. Akafikiri kidogo. "Na kesho mchana nani atamfungulia geti?"

"Hawajapata mtu. Mwenzangu wa usiku anaondoka asubuhi, hangoji."

"Basi atafanyaje?"

Dobi alitoa mguu majini, akautazama.

"Atashuka," alisema.